Baiskeli Zisizopumzika

Baiskeli ya Afande haikuwa na mlio. Naanzia hapo kwa sababu mtu akilikosa hilo hatamjua. Baiskeli nyingine zote za Jinja na Mbale, ukiacha kukanyaga, zinalia nyuma, tik-tik-tik. Hiyo ni friwili, kile kidude kinacholiacha gurudumu liende huku miguu yako imetulia. Afande aling'oa friwili na kufunga mahali pake sproketi ngumu, kigurudumu cha meno kinachovutwa na mnyororo. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka. Unashuka mlima, zinazunguka. Umechoka, zinazunguka vilevile. Vijana wa hapa Jinja wanaoshindana kando ya mto wanaziita fiksi. Afande aliziita baiskeli, basi. Zile zingine aliziita viti.

Mimi nauza spea za baiskeli katika mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi. Nilivuka kuja huku Uganda kutoka upande wa Kenya nikiwa kijana, shule nimeiacha darasa la tatu, nikabeba watu kwenye keria mpaka nikapata meza ya spea, halafu nusu ya duka, halafu duka lenyewe. Sikupewa na mtu. Nikisema fulani anajua kazi, simwonei huruma.

Afande alijua kazi. Alikuwa askari jela mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, shingo imenyooka kama fremu mpya. Alipanga Namatala, kule Mbale, chumba na kibaraza, mahali ambapo watu wanasongana mpaka moshi wa jiko la huyu unaivisha ugali wa yule. Katikati ya msongamano huo alikuwa peke yake. Majirani walimpita wakisema "Afande" na kushika njia. Kiswahili chake ndicho kiliwafukuza. Kilikuwa Kiswahili cha jela, cha simama, keti, toa mikono mfukoni, na wazee wa kule wakisikia Kiswahili cha namna hiyo tumbo linakumbuka miaka ya utawala wa askari, ambayo mdomo hautaki kuitaja. Mimi sikukiogopa. Ndiyo maana tulizoeana. Aliniita Mkenya, kwa kunichokoza, na mimi nilimwambia kwamba Kiswahili chake kingefaa kuchungia mbuzi.

"Mbuzi gani?" aliuliza. "Mbuzi ya Kenya hapana sikia mtu."

Kila nilipompelekea spea, mteja mmoja au mwingine alikuwa amekaa kwenye benchi akijaribu kumwita fundi. "Mimi hapana fundi," alijibu. "Fundi anafanya kitu wewe unataka. Mimi nauliza wewe unaenda wapi." Na alikuwa anauliza kweli. Unapita wapi, unabeba nini, unarudi na mzigo au mtupu, mvua ikinyesha unapita wapi. Halafu, na hili sijaliona kwa mtu mwingine, kabla ya kushika spana alikwenda kuitembea njia yako kwa miguu. Alivaa buti zake za kazi, akachukua fimbo, akaenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Alisema macho yanadanganya na kichwa kinadanganya, ila goti halidanganyi. Goti likirudi ndipo alipoamua ukubwa wa sproketi.

Wabeba mpunga wa bondeni aliwawekea sproketi kubwa nyuma ili mguu uwe mwepesi, akang'oa madigadi yote, akapanua uma ili matope yapite bila kukwama. Aliniambia fiksi ni tamu kwenye matope kuliko mahali popote, kwa sababu gurudumu likianza kuteleza unyayo unasikia kabla hujaanguka. Wanaopanda mlima kuelekea Wanale aliwafungia breki mbili na mikono mifupi ya pedali, isije ikagonga jiwe kwenye kona. Vijana wa lami wa Jinja, ambao mimi ndiye niliyewatuma kwake, aliwapa tairi nyembamba na usukani uliokatwa mfupi, wapite kati ya teksi na boda bila kukwaruza mtu. Aliwatukana wakati wote. "Wewe nataka kwenda haraka wapi? Nani anangoja wewe?" Kijana akicheka, Afande hakucheka. Nadhani lilikuwa swali la kweli.

Kuchomea alikataa. Mafundi wengi wakitaka fiksi ya haraka wanachomea friwili kwa umeme, imekufa, kwisha. Yeye alikaza sproketi, halafu juu yake akakaza ringi inayofungwa kwa kuzungushia kushoto. "Kitu inataka kutoroka inatorokea kushoto," alisema. "Wewe funga huko huko." Alisema ukichomea chuma umekinyima nafasi ya kubadilika, na chuma hakijakukosea. Nilimtazama sana siku hiyo. Mwanamume aliyefunga watu maisha yake yote anakionea chuma huruma.

Mnyororo hakuutia oili. Oili inakusanya vumbi, alisema. Aliuchemsha ndani ya nta. Aliomba vipande vya mishumaa kanisani, akaviyeyusha kwenye sufuria, akaulaza mnyororo humo ndani kama mtu anayekaanga mihogo, halafu akautundika ukauke. Kibaraza chake kilinukia ibada. Mnyororo wake haukuwa na sauti, na suruali ya mteja haikuchafuka. Sasa, ile sufuria. Sufuria ilikuwa ya mkewe.

Mkewe alikuwa Msoga wa kijiji cha Wanyange, hapa karibu na Jinja, ambako kaka zake wanavua na yeye leo anauza samaki wa moshi kando ya barabara inayoshuka ziwani. Namwita shemeji, kwa sababu marehemu mke wangu alikuwa wa huko huko. Afande alimwoa wakati ambapo jela ya hapa ndiyo iliyokuwa kituo chake, na alipohamishiwa Mbale alimchukua kwa baiskeli. Gari la serikali lilibeba godoro na viti, yeye akambeba mke kwenye keria, amekaa upande mmoja kama malkia, mpaka Mbale. Shemeji mwenyewe alinisimulia, na akisimulia mkono wake ulikuwa unashika hewa, kama bado ameushika mkanda wa mumewe. Walilala njiani kwa watu wasiowajua. "Hakunung'unika hata kidogo," alisema. "Mlimani aliimba."

Basi nilijiuliza jinsi mtu aliyeimba mlimani alivyogeuka kuwa yule niliyemjua. Jibu ni kwamba alistaafu. Akiwa kazini alikuwa na mamia ya watu wa kuamrisha, nyumbani akirudi amechoka. Alipostaafu akabaki na mtu mmoja, na amri zote zikamwangukia huyo. Kufuli kwenye sanduku la spana, sawa. Kufuli kwenye kabati la unga. Kufuli kwenye pipa la maji. Shemeji akienda sokoni, aliulizwa anapitia wapi na anarudi na nini, kama mteja, ila mteja analipa anaondoka. Na jioni, jua likianza kushuka, Afande alisimama kibarazani akahesabu. Viti. Kuku. Spana. Halafu mke. "Wote wapo," alitangaza. "Hesabu sawa."

Nimeona hilo kwa macho yangu na nikacheka, nikidhani ni mzaha wao. Shemeji hakucheka. Alikuwa anamenya matoke, na aliendelea kumenya.

Sufuria ilikuja mwisho tu. Shemeji alirudi kutoka mazishini akakuta sufuria yake ya mchuzi, aliyopewa na mama yake, imejaa nta na mnyororo. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwa kanga, akasema, "Kesho utahesabu mmoja pungufu," akaenda zake stendi. Akarudi Wanyange kwa kaka zake.

Huku kwetu kila mtu anajua linalofuata. Mke akirudi kwao, mume anamfuata mwenyewe. Hatumi mtu, hapigi simu. Anakwenda, anakaa chini mbele ya shemeji zake, anasikia maneno yao yote mpaka yaishe, ndipo wanazungumza. Afande alijua. Lakini alinituma mimi.

"Wewe unakaa Jinja," alisema. "Uliza yeye narudi lini."

Nikaenda, maana mtu akiwa peke yake namna ile huwezi kumkatalia. Shemeji alikuwa anageuza samaki juu ya wavu, macho mekundu kwa moshi. Alinipa kigoda. Niliposema nimetumwa, akaniangalia kama anayeangalia samaki wa juzi.

"Shemeji, mke ni spea? Anaagizwa aletwe na teksi?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikamsimulia habari ya mwanajeshi mmoja wa zamani, mwenye mguu mmoja, ambaye Afande alimjengea fiksi. Kwenye baiskeli ya kawaida mtu huyo alikuwa anakwama, kwa sababu akisukuma pedali ikafika chini hakuna mguu wa pili wa kuirudisha juu. Kwenye fiksi gurudumu lenyewe linarudisha pedali. Afande alimfungia kikamba unyayoni, akamshika kiti, akakimbia naye katikati ya Namatala yote, mzee mzima na buti zake, akipiga kelele "Hapana simama! Hapana simama!" mpaka mtu yule akaenda mwenyewe, analia na kucheka. Afande alirudi anahema, akajifanya ana vumbi machoni. Nilitaka shemeji aone kwamba moyo upo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akageuza samaki mmoja.

"Ni vizuri," akasema. "Huyo ana mguu mmoja, anahitaji kitu kisichomwachia. Mimi, shemeji, nina yote miwili." Halafu akasema, "Mwambie njia anaijua. Alinitoa hapa kwa baiskeli."

Niliyafikisha maneno hayo kama yalivyo. Afande alizungusha kwa kidole pedali ya baiskeli iliyokuwa imepinduliwa mbele yake. Halafu akasema, "Kale," yaani haya, kwa maneno ya huku. "Mimi najenga moja ya kwenda."

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Fiksi ina gia moja tu. Ukishachagua sproketi, hiyo ndiyo utakayokwenda nayo mpaka mwisho. Na njia ya Mbale kwenda Wanyange si njia moja. Unatoka kwenye tambarare ya mpunga ya Tirinyi, ndefu, upepo mtupu, ambako sproketi ndogo ndiyo dawa. Ukikaribia Iganga vilima vinaanza, na ile sproketi ndogo inakuvunja magoti. Na mwisho kabisa kuna ule mteremko wa Wanyange unaoingia ziwani, ambako pedali zitakuchukua miguu kama unafukuzwa. Aliniagiza sproketi ya meno kumi na sita. Nikaleta. Akaniagiza kumi na nane. Nikaleta. Akaomba kumi na saba. Akakata usukani, akaupachika mwingine. Akabadilisha tairi. Kila nikifika baiskeli iko juu chini, na yeye anasema imebaki kidogo.

"Umeitembea hiyo njia?" nilimuuliza siku moja, kumchokoza. Njia za watu wote alizitembea.

Alichukua fimbo yake akaiegemeza upande mwingine wa ukuta.

Keria hakuiweka. Tangu shemeji aondoke alikuwa amezing'oa keria kwenye baiskeli zake zote, akazitupa nyuma ya choo. "Keria ni ya mtu," alisema. "Kama mtu hapana, ni chuma tu." Na jioni aliendelea kuhesabu. Nilimsikia mara moja nikiwa nafunga mzigo wangu niende stendi. Viti. Kuku. Spana. Akafika mwisho, akasimama. Sauti yake ikashuka, ya mtu anayezungumza na ukuta. "Hesabu hapana sawa," alisema, akaingia ndani, akafunga kufuli.

Nilimkasirikia. Nasema wazi. Mke wangu mimi yuko ardhini, hakuna sproketi ya kunifikisha. Wake yupo, anapumua, anageuza samaki, na huyu bwana anachagua meno. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikaongeza kwamba barabara haina shida yoyote, yeye ndiye mwoga. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, nafikiri. Alinyanyuka. Nikadhani atanipiga. Akaniletea chai. Baada ya hapo sikwenda Mbale msimu mzima wa mvua, na yeye hakuniagiza kitu.

Asubuhi moja, mvua zimekatika, nilikuwa nimeinama nyuma ya kaunta napanga spoku. Nikasikia kivuli kimesimama mlangoni. Kusikia kivuli ni kitu cha kweli. Baiskeli haikulia, ila mwanga ulipungua. Nikainuka. Afande. Buti zimejaa vumbi la njia yote, midomo imekauka, shati limeganda mgongoni kwa chumvi. Alikuwa amelala Iganga.

"Mkenya," alisema. "Maji."

Alikunywa akiwa amesimama. Mimi nikaiangalia baiskeli, kwa sababu kumwangalia yeye kulikuwa kugumu. Ilikuwa na breki ya mbele, mpya. Nikafikiri ni umri, miguu haitoshi tena kulisimamisha gurudumu. Ilikuwa na keria. Juu ya keria alishona mto kwa gunia na sponji, na juu ya mto, imefungwa kwa mpira wa tyubu, ilikuwapo sufuria. Mpya, bado inang'aa, karatasi ya dukani imebaki ubavuni mwake.

Nikachutama kuangalia gurudumu la nyuma. Ndipo nilipoona. Habu, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa na pande mbili. Upande wa mnyororo, sproketi yake ngumu, na ringi iliyofungwa kushoto. Upande wa pili, palipotakiwa kuwa patupu, palikuwa na friwili, ya kutumika gurudumu likigeuzwa.

Nilimtazama. Akatazama barabara.

"Wewe una spana kumi na tano?" aliuliza.

Nikampa. Sikujua kama hakuwa na yake au alitaka tu kushika kitu cha mtu.

"Geuka," akasema.

"Nini?"

"Geuka, bwana. Angalia huko."

Nikageuka, katika duka langu mwenyewe, nikatazama rafu za tyubu. Nilisikia nati zikilegea, moja, nyingine. Nikasikia gurudumu linatoka, linageuzwa, linarudi mahali pake, mnyororo unavutwa, nati zinakazwa. Alipumua kama mtu aliyenyanyua gunia. Halafu akainua nyuma ya baiskeli, akazungusha pedali mara moja, akaiacha.

Tik-tik-tik-tik-tik.

Nimeuza friwili nusu ya maisha yangu. Sijawahi kusikia mlio ule.

"Sasa geuka," alisema. Mikono ilikuwa na nta nyeusi mpaka kwenye vifundo. Nikampa kitambaa. Akajifuta, akarudisha spana, akapanda, na kwenye kona ya mtaa nikamwona ameacha kukanyaga. Miguu imesimama, mgongo umenyooka, baiskeli inakwenda peke yake. Alikuwa kama mtu anayejifunza kukaa.

Siku hiyo sikuuza kitu cha maana. Nilikaa nje ya duka. Kila teksi iliyotoka upande wa Wanyange niliitazama kama naidai.

Alirudi jua bado liko juu. Nilimsikia kabla sijamwona. Peke yake. Mto wa keria ulikuwa na kifurushi cha majani ya ndizi, kimefungwa kwa mpira ule ule. Sufuria haikuwepo.

Alikaa kwenye benchi langu. Sikumuuliza. Nilikuwa nimejifunza.

"Nilikaa chini," alisema. "Mbele ya kaka zake. Walisema. Nilisikia yote."

"Na yeye?"

"Yeye alisikia baiskeli inashuka, hakutoka ndani. Alisema anajua baiskeli ya mume wake haina kelele, kwa hiyo huyu ni mtu anakuja kununua samaki." Alishika magoti yake. "Mimi nilisimama nje kama mteja. Mpaka mtoto wa kaka yake akasema, ni Afande."

"Akasema nini?"

"Alichukua sufuria. Aligonga chini yake na kidole, aone kama ni nzito. Halafu alizungusha pedali. Aliiacha. Alisikiliza mpaka ikanyamaza." Akakigusa kifurushi. "Hapana kubali. Hapana kataa. Alifunga samaki hii, akasema, rudi samaki ikiisha."

"Ni wengi?"

Alikigeukia kifurushi, akakipima kwa macho kama anavyopima fremu. "Mimi naweza maliza leo," alisema. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka, na kicheko hakikufika mbali.

Nilimwambia alale kwangu. Nyumba ni tupu, vyumba vipo. Alikataa. Alisema atalala Iganga, wale watu wanamjua sasa. Nikachukua spana kumi na tano kutoka kwenye ndoano, nikamnyooshea, kwa sababu mbele yake kulikuwa na vilima halafu tambarare nzima ya Tirinyi na upepo wake, na kwa njia hiyo sproketi ngumu ndiyo aliyoichagua kwa mwaka na zaidi. Ningegeuka tena. Nilikuwa tayari kugeuka.

Aliitazama ile spana. Hakuipokea.

"Acha ikae hivyo," alisema.

Akafunga kifurushi vizuri, akapanda, akaondoka kupitia mtaa wa maduka. Alipofika mahali barabara inapoinama kidogo aliacha miguu itulie, na ule mlio ukaja mpaka kwangu, ukapungua, boda zikaumeza.

Baiskeli za hapa zote zinalia hivyo. Zamani nilikuwa sizisikii. Sasa kila ikipita moja mbele ya duka nainua kichwa, natazama keria kama kuna mtu.

Bado.